Karatasi ya Familia: Wasia wa Ibn al-Jawzi wa Baghdad na wa Mwana Kupona wa Pate





Miaka kadhaa iliyopita tulifanyiwa semina ya wazazi mtaani kwetu Buyenzi, hapa Bujumbura. Mtoa mada alitugawia karatasi yenye mistari mitupu, na juu yake imeandikwa: Tamko la Dhamira ya Familia Yetu. Tukaambiwa kila baba arudi nayo nyumbani, ajaze mambo ambayo familia yake inayasimamia, kisha aitundike mahali pa kuonekana. Nami nikafanya kama nilivyoambiwa. Usiku ule ule baada ya Isha nilikaa peke yangu, nikaandika mambo kumi na mawili kwa mwandiko mzuri: swala kwa wakati, elimu, ukweli, kuheshimiana, kutosema uongo (ukweli nilikuwa nimeshauandika, wala sikuona kwamba nimerudia), na mengineyo. Asubuhi nikawaita watoto wakatia saini. Karatasi ikatiwa plastiki, ikatundikwa sebuleni.

Mwezi wa tatu hivi, kijana wangu wa pili, ambaye wakati ule alikuwa na miaka kumi na mitatu, alisimama mbele yake akaisoma yote, halafu akaniuliza: "Baba, hii familia iliyoandikwa hapa ni ipi?"

Mama yake alicheka. Mimi sikucheka, nikamjibu kwa ukali kuliko alivyostahili, na jambo likaishia hapo. Lakini swali lile halikuniacha, na ndilo lililonirudisha kwenye vitabu kutazama wazee wetu walilifanyaje jambo hili. Niliyoyakuta ndiyo ninayowaletea leo, inshaAllah.

Karatasi yenyewe ina historia fupi. Makampuni ya Marekani yalikuwa na matamko ya namna hii ukutani kabla ya familia. Aliyeyaleta majumbani kwa sauti kubwa ni Stephen Covey, aliyefariki mwaka 2012. Mwaka 1997 alitoa kitabu kuhusu tabia saba za familia zenye mafanikio, na humo akasema kila familia iwe na tamko lake. Tumtendee haki: yeye mwenyewe alisisitiza kwamba lisiandikwe na mzazi peke yake, na akasimulia kuwa familia yake ilichukua miezi minane kuliandika. Sehemu hiyo haikuwamo katika karatasi tuliyogawiwa. Mimi nilichukua usiku mmoja.

Ama jambo lenyewe, yaani mzazi kukusanya yale anayoyaamini na kuwakabidhi watoto kwa maneno yaliyopangwa, sisi tunalo jina lake la zamani. Ni wasia. Kwa bahati mbaya neno hili wengi wetu tunalisikia pale tu mtu anapofariki na jamaa wakaanza kuulizana habari za nyumba na shamba. Wasia wa mali una mpaka wake, hauzidi theluthi moja. Wasia wa mwenendo hauna theluthi. Mtu anaweza kuutoa wote, na kila mtoto akaupata wote.

Mfano unaofahamika zaidi ni wa Luqman, katika sura inayoitwa kwa jina lake, aya ya 13 hadi ya 19. Watoto wetu wanaihifadhi chuoni: asimshirikishe Allah, asimamishe swala, aamrishe mema na akataze maovu, asubiri, asiwageuzie watu shavu kwa kiburi, aende mwendo wa wastani na apunguze sauti. Kuna kitu ambacho nilikisoma miaka mingi bila kukiona. Katikati ya maneno ya Luqman, aya ya 14 na ya 15, Allah (S.W.) anaingiza maneno Yake Mwenyewe kuhusu wazazi. Anaamrisha wafanyiwe wema, anataja tabu ya mama katika kubeba na kunyonyesha, kisha anaweka mpaka: wazazi wakimshurutisha mtoto afanye shirki, asiwatii katika hilo, ila aishi nao kwa wema. Yaani ndani ya wasia wa baba kwa mwanawe umewekwa mpaka wa utiifu kwa baba. Mzazi anayeandika karatasi ya familia angeanza kwa kuisoma aya hiyo.

Mfano wa pili hautajwi sana katika semina, nao ndio ulionitikisa. Katika Sura al-Baqara, aya ya 132, tunaambiwa kwamba Ibrahim (A.S.) aliwausia wanawe, na Ya'qub (A.S.) vilevile. Aya ya 133 inatupeleka kando ya kitanda cha Ya'qub mauti yalipomfikia. Hapo hatumsikii akihutubia. Anawauliza wanawe watamwabudu nani baada yake, nao wanajibu kwa ndimi zao. Sasa kumbuka hao wanaojibu ni akina nani. Ni wale wale waliomtumbukiza ndugu yao Yusuf kisimani, wakarudi jioni kwa baba yao wakilia, na kanzu yenye damu ya uongo mkononi. Mzee yule alikuwa na kila sababu ya kuwapa amri tu na kufunga macho. Aliwauliza, na akasubiri jibu.

Baada ya hapo wanachuoni wengi waliandika wasia kwa watoto wao. Katika vitabu imo barua ndefu ya Sayyidna Ali (R.A.) kwa mwanawe al-Hasan. Abu al-Walid al-Baji, faqihi wa Andalus aliyefariki mwaka 474 Hijria (1081), aliwaandikia wanawe wawili, na humo akaweka maneno kuhusu namna ndugu wawili wanavyotakiwa kuishi baina yao. Lakini mimi nataka tukae na mmoja, kwa sababu wa kwake tunajua kilichotokea baada ya wino kukauka.

Abu al-Faraj Abdurrahman Ibn al-Jawzi alizaliwa Baghdad karibu na mwaka 510 Hijria (1116). Ukoo wake walikuwa wafanyabiashara wa shaba. Baba yake alifariki yeye akiwa na umri wa miaka mitatu hivi, na aliyemlea ni shangazi yake. Ni huyo shangazi aliyemshika mkono akampeleka msikitini kwa mwanachuoni Ibn Nasir akasome. Historia haikumwandika sana mama huyo, lakini bila yeye tusingekuwa na hadithi hii. Mtoto yule alikuja kuwa mhubiri mkubwa kuliko wote wa mji wake. Darasa zake zilijaa watu kwa maelfu, na khalifa mwenyewe alihudhuria. Aliandika vitabu kwa mamia, vikiwemo tafsiri ya Qur'ani, tarikh, na kile kitabu chake cha hila za Iblisi ambacho mpaka leo kinauzwa kwenye maduka ya vitabu vya Kiislamu.

Mtu huyu aliyeweza kuwaliza maelfu alikuwa na tatizo nyumbani. Yeye mwenyewe ameeleza: alimwomba Allah watoto kumi, akapewa wanaume watano na wanawake watano. Wakafa wasichana wawili na wavulana wanne. Akabaki na mwanamume mmoja tu, Abu al-Qasim Ali. Akamwona mwanawe huyo ana uvivu katika kutafuta elimu. Ndipo akakaa akamwandikia kitabu kidogo, akakiita Laftat al-Kabad, maana yake kwa ufupi ni mgeuko wa ini kumwelekea mtoto kwa nasaha. Waarabu huweka mapenzi ya mtoto kwenye ini, na sisi Waswahili hatuhitaji kufafanuliwa hilo, kwani nasi tunajua mwana anakaa wapi ndani ya mzazi.

Kitabu chenyewe hakina kurasa nyingi. Mtu anaweza kukimaliza kati ya Maghrib na Isha. Humo anamweleza mwanawe thamani ya pumzi, kwamba kila pumzi ni hazina inayoondoka. Anamkumbusha hadithi ya mtende unaopandwa Peponi kwa tasbihi moja, kisha anamwambia ahesabu mitende mingapi inampita mtu anayepoteza saa zake. Anampangia siku nzima: kuamka alfajiri, swala, masomo, mapumziko, mpaka kulala. Anamtaka awe na kiasi katika matumizi ili asije kuhitaji milango ya watu. Anamtajia vitabu vya kusoma, na vingi ni vya baba mwenyewe.

Sehemu iliyonigusa zaidi ni pale anapoacha kuamrisha na kuanza kusimulia. Anamwambia mwanawe kwamba babu yake alikuwa mtu wa mali na aliacha maelfu. Lakini yeye alipobaleghe wasimamizi walimkabidhi dinari ishirini na nyumba mbili, wakamwambia urithi wote ni huo. Hakugombana. Zile dinari akanunulia vitabu, na nyumba akaziuza, pesa zake zikaishia kwenye elimu. Na pamoja na hayo, anasema, hakuwahi kujidhalilisha kwa mtu kutafuta riziki, wala kuzunguka miji kama walivyofanya wahubiri wengine, wala kuandika kikaratasi kumwomba mtu kitu. Anamweleza pia kwamba nasaba yao inafika kwa Abu Bakr as-Siddiq (R.A.), ila wazee wa karibuni walikuwa wameshughulishwa na biashara mpaka elimu ilipomfikia yeye. Kwa maneno mengine: mwanangu, usiikate kamba hii.

Je, kijana alisikia?

Mwaka 590 Hijria (1194) Ibn al-Jawzi alipatwa na mtihani. Mahasimu wake walipata nguvu katika serikali ya khalifa an-Nasir. Mzee akakamatwa, akatiwa mashuani na kupelekwa mji wa Wasit, kusini mwa Baghdad. Alikuwa anakaribia miaka themanini. Kwa miaka mitano alifungiwa katika nyumba huko, akifua nguo zake mwenyewe, akipika mwenyewe, akivuta maji kisimani kwa mikono yake. Na huku nyuma Baghdad, kwa mujibu wa wanahistoria, mwanawe Ali alikuwa upande wa maadui wa baba yake. Aliviendea vitabu vya baba, akachukua alivyotaka, akaviuza kwa bei ya kutupa, hata kwa thamani ya wino tu. Vitabu vya mtu aliyeuza nyumba mbili za urithi ili apate vitabu!

Lazima niwe mwadilifu hapa. Anayetueleza habari hii kwa uchungu ni mpwa wa Ali, mwanahistoria anayejulikana kama Sibt Ibn al-Jawzi, ambaye babu yake ndiye aliyemlea. Huyo si shahidi asiye na upande. Ali naye aliishi muda mrefu, akafariki mwaka 630 Hijria, na wapo watu waliopokea hadithi kutoka kwake. Hesabu yake iko kwa Mola wake. Lakini katika masimulizi hayo hayo kuna sentensi moja ambayo wanaosimulia kisa hiki kwenye mawaidha huiruka: kwamba baba alikuwa amemhama mwanawe huyo kwa miaka kadhaa, hasemi naye. Sijui kama kuhamwa kulimfanya awe mbaya zaidi au ubaya wake ndio uliomfanya ahamwe. Ninachoona ni kwamba kati ya wasia ule mzuri na mnada ule wa vitabu kulikuwa na nyumba isiyo na mazungumzo. Na nikiusoma tena wasia kwa jicho hilo, naona sauti ni moja tu toka mwanzo hadi mwisho. Mtoto haulizwi kitu. Hakuna mahali ambapo baba anasema, wewe unapenda nini, nini kinakushinda. Haya ni maoni yangu mimi mzazi niliyejaza karatasi usiku mmoja. Mwanachuoni anaweza kuona vingine.

Kisa hakiishii hapo, alhamdulillah. Mwaka 580 Hijria, miaka kumi kabla ya kufungwa, Ibn al-Jawzi alikuwa amepata mtoto mwingine wa kiume, Yusuf. Huyu wasia haukuandikwa kwa ajili yake. Ulipoandikwa hakuwa amezaliwa. Lakini vitabu vya tarikh vinatuambia jambo ambalo nililisoma mara mbili kuhakikisha: huko huko Wasit, mzee akiwa na miaka themanini, alikaa mbele ya Ibn al-Baqillani, mwalimu wa qiraa, akasoma Qur'ani kwa qiraa zote kumi, na mwanawe Yusuf akasoma pamoja naye. Baba na mtoto wa miaka isiyofika kumi na tano wanafunzi wa mwalimu mmoja. Kijana alipoanza kuhubiri, habari zake zilimfikia mama wa khalifa, naye akamwombea mzee. Mwaka 595 Hijria (1199) Ibn al-Jawzi akarudi Baghdad. Alifariki miaka miwili baadaye, mwezi wa Ramadhani mwaka 597 (1201). Inasimuliwa kuwa vinyoleo vya kalamu alizoandikia hadithi vilikuwa vimekusanywa, na kwa usia wake vikatumika kuchemshia maji ya kumwosha.

Yusuf alikuja kuwa mtu mkubwa wa dola na balozi wa khalifa. Alijenga madrasa mjini Damascus ikaitwa al-Jawziyya. Msimamizi wa madrasa hiyo, ambaye kwa Kiarabu huitwa qayyim, baadaye alikuwa mtu aliyepata mtoto aitwaye Muhammad. Huyo mtoto wa msimamizi ndiye Ibn al-Qayyim al-Jawziyya, aliyefariki mwaka 751 Hijria (1350). Vijana wengi huwachanganya watu hawa wawili, Ibn al-Jawzi na Ibn al-Qayyim al-Jawziyya, wakadhani ni mmoja. Hawakuwa ndugu wala hawakuonana. Wanaunganishwa na jengo lililojengwa na mtoto mdogo wa yule mzee. Yusuf mwenyewe aliuawa na majeshi ya Hulagu Baghdad ilipoanguka mwaka 656 (1258), pamoja na wanawe watatu. Na Sibt, yule mpwa, alikuwa mtoto wa Rabia, mmoja wa mabinti watatu waliobaki wakati baba akihesabu kwamba ana "mwanamume mmoja tu". Kamba aliyoihofia ilipita kwa binti na kwa kitinda mimba, si kwa yule aliyeandikiwa.

Sasa tuje kwetu.

Miaka zaidi ya mia sita na hamsini baada ya Ibn al-Jawzi, katika visiwa vya Lamu, mama mmoja mgonjwa alimwita binti yake. Ni Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate. Mumewe alikuwa Sheikh Mataka, mtawala wa Siyu, mtu ambaye kwa miaka mingi alikataa kuinama mbele ya Sayyid Said wa Zanzibar na akayashinda majeshi yake. Mataka alifariki mwaka 1856. Miaka miwili baadaye, mwaka 1275 Hijria (1858), Mwana Kupona akatunga utendi kwa binti yake Mwana Hashima, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na saba hivi. Una beti 102. Mama mwenyewe ameiweka idadi hiyo pamoja na mwaka mwishoni mwa utungo. Haukupita muda mrefu naye akafariki.

Wengi wetu huku bara tuliusikia utendi huu kwa jamaa waliokaa Mombasa au Lamu. Mimi niliusikia kwa shangazi, ambaye alikuwa anajua vipande vyake kwa moyo na kuvikatiza kila msichana wa nyumbani alipotaka kuolewa. Hivyo nilikua nikidhani ni utungo wa kuwafunza wake utiifu basi. Na ni kweli sehemu kubwa imo humo: namna ya kumpokea mume, kumpumzisha, kutomjibu kwa ukali, kujipamba, nyumba kuwa safi. Wasomi wa siku hizi wamebishana sana juu ya sehemu hiyo. Wapo wanaosema inamkandamiza mwanamke, na wapo wanaosema mama anamfundisha binti mbinu za kuishi katika dunia aliyoikuta. Alice Werner na William Hichens walipouchapisha kama kitabu mwaka 1934 walikipa jina la Kiingereza linalotaja wajibu wa mke, na jina hilo limewafanya wengi wausome kwa jicho moja.

Ukiusoma wote utakuta mengine. Kabla ya habari za mume anaweka dini, faradhi na sunna. Baada yake adabu, kisha ukweli, na uaminifu. Anamwambia ajiepushe na watu wasiojua mambo. Awe na heshima kwa wakubwa, awahurumie maskini asiwadharau. Anamtolea ushahidi wa maisha yake mwenyewe na Sheikh Mataka, namna walivyoishi kwa furaha na kicheko bila kuvunjiana heshima mpaka kifo kilipowatenganisha. Hapa yuko sawa na Ibn al-Jawzi: maneno yanapata uzito mzazi anapoacha kuagiza na kusema mimi niliishi hivi. Halafu sehemu ya mwisho, ambayo ni ndefu, ni dua. Anawaombea watoto wake, ndugu zake, jamaa na Waislamu wote, na anajiombea mwenyewe afya na mwisho mwema. Na wanawake wengine anawaita wausome.

Lakini kwangu mimi jambo kubwa liko pale mwanzoni, katika beti za kwanza kabisa. Mama anasema amekuwa mgonjwa kwa mwaka mzima na hajapata nafasi ya kumwambia binti neno jema. Basi anamwambia asogee, akae, na aje na wino na karatasi.

Binti ndiye mwenye kalamu. Hakuletewa waraka uliokwisha kukauka atie saini. Alikaa karibu na kitanda, na kila neno lilipita mkononi mwake kabla ya kufika kwenye karatasi. Mtu anayeandika anaweza kusema, mama, hapo sikusikia, rudia. Anaweza kunyamaza kidogo, na mama akajua kwamba neno limegusa. Hatuna habari ya maongezi yao, na sitaki kuyabuni. Ila kila mwalimu wa chuo anajua tofauti kati ya mwanafunzi aliyepewa ubao ulioandikwa na mwanafunzi aliyeuandika ubao mwenyewe. Na utendi ule haukuuzwa kwa bei ya wino. Ulinakiliwa kwa hati za Kiarabu, ukasomwa na wanawake majumbani, ukahifadhiwa vifuani mpaka ukamfikia shangazi yangu aliyekuwa hajui hata kusoma hati hizo.

Basi tulifanya nini na karatasi yetu? Niliitoa ukutani. Ilikuwa imeshafunikwa nusu na kalenda, kwa hiyo hakuna aliyeuliza. Ijumaa moja baada ya chakula cha usiku nikamwambia yule kijana wangu wa pili, mwenye swali, alete daftari na kalamu. Nikamwambia aandike yeye, na sisi tuseme. Kila mtu aseme jambo moja ambalo angependa nyumba hii iwe nalo, na jambo moja analoona hatunalo. Niliwaambia nami nitasema langu mwisho. Hili lilikuwa gumu kuliko nilivyodhani.

Mdogo wao, wa miaka saba, alisema anataka tule pamoja. Dada yao alisema watu wa nyumba hii wasifungue simu za wenzao. Mke wangu alisema mtu akikosea asikumbushwe kosa la mwaka juzi, na alikuwa ananiangalia mimi. Bibi yao, ambaye siku ile alikuwa ametutembelea, alisema swala ya Alfajiri ya jamaa nyumbani, kama alivyokuwa akifanya marehemu babu yao, na hapo watu wote walikubali haraka kwa sababu hakuna anayembishia bibi. Mkubwa hakusema kitu siku ile. Alisema wiki iliyofuata, tukiwa wawili njiani kutoka sokoni, na aliyoyasema si ya kuandikwa hapa.

Yalipokusanywa yalikuwa mambo matano, na swala kwa wakati ilikuwamo, bila mimi kuitaja. Zamu yangu ilipofika nikasema ningependa tuwe nyumba ambayo mtoto anaweza kumwuliza baba swali asijibiwe kwa ukali. Kijana aliinua kichwa kutoka kwenye daftari, akanitazama, akauliza: "Hilo niliandike kwa maneno hayo hayo?"

Nikamwambia aandike hayo hayo.